Kasiksi: Pombe ya Ndizi ya Butembo na Beni

Kasiksi ni pombe ya ndizi inayotengenezwa nyumbani na kunywewa karibu kila pembe ya Kivu ya Kaskazini, hasa katika vijiji vinavyoizunguka miji ya Butembo na Beni. Haitaki sukari ya dukani wala hamira ya pakiti. Vitu vyake ni vinne tu: ndizi, maji, mtama na nyasi, na hizo nyasi zenyewe haziingii katika kinywaji. Ndugu zake wametapakaa katika nchi zote za Maziwa Makuu. Wahaya wa Bukoba wana rubisi, Wanyarwanda urwagwa, Warundi urwarwa, na Waganda tonto. Wachaga wa Kilimanjaro nao wana mbege, ingawa wao huchemsha ndizi kwanza na kuongeza kimea cha ulezi, kwa hiyo mbege ni jamaa wa mbali kidogo.

Anayeijua kasiksi kwa kuinywa tu hudhani kwamba kazi yote iko katika kuchacha. Kuchacha ni kazi ya siku moja, mbili au tatu, na kwa sehemu kubwa hujiendesha kwenyewe. Kasiksi nzuri au mbaya huamuliwa mapema zaidi: shambani, mkungu unapochaguliwa, na ndani ya shimo, ndizi zinapovundikwa. Aliyekosea hapo hawezi kuokolewa na mtama mzuri wala bidoni safi.

Kutoka Butembo hadi Beni ni kilomita 50 na kitu, lakini kwa mtengenezaji wa kasiksi hiyo ni miji ya hali mbili tofauti. Butembo imekaa juu ya vilima, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, na ingawa ikweta inapita jirani kabisa, asubuhi zake ni za sweta. Beni iko chini zaidi, kwenye mita 1,100 hivi, ina msitu upande wa magharibi na milima ya Ruwenzori upande wa mashariki, na joto lake halina ubishi. Tofauti hiyo huingia katika kila hatua. Milimani mgomba huchukua miezi mingi zaidi kuzaa, ndizi huchelewa kuiva na juisi huchelewa kuchacha. Beni mambo hayo yote huenda mbio, na kuharibika pia huenda mbio. Ndiyo maana maelekezo ya mtu wa Beni yakifuatwa siku kwa siku na mtu wa Butembo huzaa pombe changa isiyo na nguvu, na ya Butembo yakifuatwa Beni huzaa siki. Hata ndizi hubadilika njiani. Kadiri mtu anavyoshuka kuelekea msituni ndivyo makemba yanavyozidi, yale marefu ya kuchemsha na kukaanga. Akipanda kuelekea Lubero hukutana zaidi na ndizi za nyanda za juu, jamaa za matoke ya Uganda.

Si kila ndizi hutoa juisi, na jambo hili huwashangaza wengi, kwa sababu ndizi mbivu ya kula huonekana imejaa maji na utamu. Ikipondwa haitoi juisi hata kidogo. Hutoa rojo zito linalonata, na hata likifungwa katika kitambaa na kukamuliwa kwa nguvu zote, halidondoshi kitu cha maana. Maji yamo, sukari imo, lakini vyote viwili vimeshikwa na pektini, ile gundi ya asili inayozishikanisha chembe za tunda.

Ndizi za pombe zina kitu cha ziada, nacho ni tanini, dutu ileile inayoleta ukakasi ulimini mtu anapouma tunda bichi. Tanini hizo zimehifadhiwa katika vijifereji vyembamba vya utomvu ndani ya nyama ya ndizi. Ndizi inapokandwa vijifereji hupasuka, tanini hukutana na protini na vitu vingine vya rojo, hushikamana navyo, na vyote huganda na kujitenga. Maji matamu hubaki huru, tayari kuchuruzika. Kwa maneno mengine, ile kasoro inayoifanya ndizi isilike ndiyo sifa inayoifanya inyweke. Mkulima hahitaji maabara kulijua hili. Huikata ndizi changa kwa kisu na kutazama nyama yake: ya pombe huonyesha vidoa vya utomvu unaonata na kugeuka rangi ya kahawia, na aliyeuma kipande hukunja uso papo hapo.

Katika kundi la ndizi za nyanda za juu za Afrika Mashariki, ambalo halipatikani kwa wingi huo mahali pengine duniani, matawi ni mawili: za kupika na za pombe. Uganda huziita hizi za pombe mbidde. Migomba yake haitofautiani sana kwa macho na ile ya matoke, na wakulima wengi huwa nayo yote miwili katika shamba moja. Kando ya hizo za kienyeji kuna za kigeni zilizofika baadaye na kujizolea heshima. Inayojulikana zaidi ni ile ambayo Waganda huiita kayinja, na ambayo kwa wataalamu ni Pisang Awak, mmea wenye asili ya Asia. Kayinja huvumilia udongo uliochoka, huzaa mikungu mikubwa na hutoa juisi kwa ukarimu. Nyingine ni kisubi, ndogo, yenye ganda jembamba na sukari nyingi. Kongo yenyewe imechangia Yangambi Km5, iliyopewa jina la kituo cha utafiti cha Yangambi, kando ya mto Kongo magharibi mwa Kisangani. Hiyo ni tamu kiasi cha kuliwa mbivu, haishambuliwi kirahisi na ugonjwa wa madoa meusi ya majani, na watu hawakuchelewa kuigeuza pombe. Watengenezaji wazoefu huchanganya: aina moja kwa wingi wa juisi, nyingine kwa utamu, na za kienyeji kidogo kwa ladha.

Makemba hayafai. Yana wanga mwingi usiogeuka kirahisi, na rojo lake halikamuliki. Ndizi za kula mezani nazo hazifai zikiwa peke yake, kwa sababu iliyokwisha kuelezwa. Anayetaka kuzitumia zisitupwe, kwa mfano mkungu ulioivia sokoni bila mnunuzi, huziingiza chache katikati ya ndizi za pombe, nazo tanini za hizo nyingine huzifanyia kazi.

Uchaguzi huu wa ndizi umekumbwa na tishio kubwa katika miaka ya karibuni, nalo ni mnyauko wa bakteria. Ugonjwa huo ulijulikana zamani Ethiopia, ukaonekana Uganda na Masisi mwaka 2001, na mwaka 2006 kuwapo kwake Kongo kulitangazwa katika jarida la kisayansi na timu iliyomjumuisha profesa Ndungo Vigheri wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kilicho Butembo. Baadaye ulienea katika mashamba ya Beni na Lubero. Majani hunyauka, ua hukauka, ndizi huiva kabla ya wakati na bila mpangilio, na ndani nyama huwa na rangi ya kutu. Kayinja ndiyo iliyoumia zaidi, kwa sababu wadudu wanaotembelea ua lake la dume hubeba bakteria kutoka mgomba hadi mgomba. Panga la mkulima hufanya kazi hiyohiyo ya kueneza. Kinga ni rahisi na haina gharama: ua la dume liondolewe mapema kwa kijiti chenye panda, si kwa panga, na vifaa vipitishwe motoni kabla ya kuhamia mgomba mwingine. Mkungu uliogeuka njano shambani kabla ya kukomaa usiingie kamwe katika shimo la kasiksi. Hauna juisi, na ladha yake huharibu mingine yote.

Mkungu mzuri hukatwa ukiwa umekomaa kabisa lakini bado kijani, pembe za ndizi zikiwa zimejaa na kuanza kuviringika. Sasa huja kazi ya kuvundika.

Ndizi kijani iliyokomaa ina wanga wa karibu asilimia 20 hadi 25 ya uzito wa nyama yake, na sukari kidogo sana. Ikiiva sawasawa, wanga hushuka hadi asilimia moja au mbili, na nafasi yake huchukuliwa na sukari. Mabadiliko hayo hufanywa na vimeng'enya vya ndizi yenyewe, na ishara ya kuyaanzisha ni gesi ya ethilini ambayo tunda hujitolea. Hamira haiwezi kula wanga, inakula sukari tu. Kwa hiyo kila wanga uliobaki haujageuka ni pombe iliyopotea. Watengenezaji wa pombe duniani kote wanapambana na tatizo hili, na kila taifa limepata njia yake. Wazungu huchipuza shayiri ili ijigeuze kimea. Wamexico huoka kiini cha mmea wa agave kwa saa nyingi mpaka kiwe kitamu, kisha wakapata tekila. Watu wa Kivu huiachia ndizi ifanye kazi yenyewe, na wao huichimbia shimo.

Shimo huchimbwa karibu na nyumba, mahali ambapo maji ya mvua hayatuami, kwa kina cha mita moja hivi na upana unaolingana na wingi wa mikungu. Moto wa majani makavu ya mgomba huwashwa ndani mpaka kuta zipate joto na unyevu utoke. Jivu na makaa huondolewa, shimo hutandikwa majani ya mgomba, na ndizi hupangwa zikiwa vichana, si mkungu mzima, ili joto lizunguke. Juu hufunikwa majani tena, halafu udongo. Wengine huacha tundu dogo ubavuni na kupuliza moshi kwa muda kabla ya kuziba. Moshi wenyewe una ethilini kidogo, kwa hiyo mazoea hayo yana msingi, ingawa ukizidi huacha harufu ambayo haitoki hata katika pombe iliyokwisha kuchujwa. Njia ya pili ni kuziweka ndizi darini juu ya meko. Hiyo ni rahisi na inafaa familia yenye mkungu mmoja au miwili, lakini ndizi za karibu na moto huiva kabla ya zile za kando, na harufu ya moshi huwa kali. Kwa ubora, shimo halina mshindani.

Beni ndizi huwa tayari baada ya siku tatu au nne. Butembo, hasa katika miezi ya baridi na mvua, zaweza kufika wiki. Kipimo cha kweli ni ndizi yenyewe. Ganda liwe njano yote, ncha zisibaki kijani, nyama ibonyee chini ya kidole bila kuvuja, na ukakasi uwe umepungua pasipo kwisha. Ndizi iliyobaki kijani nchani hutoa juisi yenye weupe wa wanga na pombe nyepesi. Iliyopitiliza, yenye ganda jeusi na harufu ya siki, huleta bakteria wabaya na pia hushindwa kutoa juisi, kwa kuwa tanini zake zimekwisha kujifunga zenyewe kabla ya kukandwa. Kati ya makosa haya mawili, la pili ni baya zaidi, kwa sababu ndizi changa zinaweza kurudishwa shimoni siku moja, ila iliyooza hairudi nyuma.

Ndizi hutolewa shimoni na kumenywa mara moja. Hazioshwi baada ya kumenywa. Hapo ndipo usafi wa mikono, wa vyombo na wa mahali unapoanza kuhesabiwa, kwani hakuna hatua yoyote ya kuchemsha itakayofuata. Kila kilichoingia kitanyweka. Chombo cha jadi ni mtumbwi uliochongwa kutoka gogo moja, na bado upo katika vijiji vingi, ingawa beseni kubwa za plastiki zimeuondoa kwenye nyumba za mjini. Mtumbwi wa zamani una faida moja: katika nyufa za mti wake kumejificha chachu ya pombe zilizopita, nayo huharakisha kazi ya kesho. Una hasara hiyohiyo pia, kwa sababu bakteria wa siki nao hujificha humohumo. Ndiyo sababu huoshwa kwa maji ya moto na kuanikwa juani kila baada ya matumizi.

Ndizi zilizomenywa huchanganywa na nyasi ndefu, ngumu, zile zinazotumika kuezekea nyumba. Nyasi laini za malisho hazifai, zinakatika na kutoa rangi ya kijani na uchungu. Mkandaji hukusanya nyasi na ndizi pamoja, akazisukuma, akazikunja na kuzisokota kwa mikono. Mahali penye ndizi nyingi kazi hufanywa kwa miguu iliyosuguliwa ikatakata. Mwanzoni hupatikana rojo zito kama ilivyotarajiwa, na asiyezoea hukata tamaa hapo. Mkandaji mzoefu haongezi maji, hata aombwe. Huendelea, na baada ya muda rojo hubadilika ghafla: povu jeupe hutokea, nyama ya ndizi hujikusanya kwenye nyasi, na kimiminika chepesi, chenye rangi ya maji ya udongo mwepesi, huanza kukusanyika chini. Hapo tanini zimekwisha kushika zilichotakiwa kushika, na nyasi zimefanya kazi ya chujio. Maji yakiwekwa kabla ya dakika hiyo, tanini huzimuliwa, rojo halijitengi, na ndizi zote hupotea.

Juisi ya kwanza huchujwa kupitia nyasi safi au kitambaa. Ni tamu sana, na sehemu yake huwekwa kando kwa ajili ya watoto na wasiokunywa pombe. Wanyarwanda huiita umutobe na kuipa hadhi ya kinywaji kamili cha wageni. Yafaa inywewe siku hiyohiyo, maana kesho yake imeshaanza kuwa kitu kingine. Machicha yaliyobaki katika nyasi bado yana sukari, kwa hiyo humwagiwa maji na kukandwa mara ya pili. Maji hayo ya pili, mepesi, ndiyo hutumika kuipunguza juisi ya kwanza. Machicha yenyewe huishia kwa nguruwe au shambani.

Kupunguza juisi si hila ya muuzaji anayetaka faida, ingawa wapo wanaoitumia hivyo. Juisi ya kwanza ina sukari nyingi kiasi kwamba chachu hufanya kazi kwa shida. Kipimo kinachokubalika ni sehemu 1 ya maji kwa sehemu 3 za juisi. Katika mji ambao maji ya chemchemi na ya mito hayaaminiki kila wakati, maji hayo yachemshwe na kupozwa kwanza. Baadaye ulevi wa kasiksi hautoshi kuua vijidudu vya kipindupindu au homa ya matumbo, hata kama wanywaji wengi huamini vinginevyo.

Mtama huingia sasa. Huoshwa, hukaangwa katika chungu kikavu mpaka uwe na rangi ya kahawia na kutoa harufu, kisha husagwa bila kulainishwa sana. Kilo 1 ya mtama kwa lita 12 za juisi iliyochanganywa inatosha. Wako wanaouchipuza kwanza. Mtama una kazi tatu: huipa pombe rangi na ladha ya kuungua kidogo, hulisha chachu virutubisho ambavyo juisi ya ndizi pekee haina vya kutosha, na huongeza uzito kinywani. Kasiksi isiyo na mtama hunywewa pia, lakini ni nyembamba na ladha yake huisha upesi ulimini.

Mchanganyiko hufunikwa kwa majani ya mgomba na kuwekwa mahali penye joto. Wengi huuzika mtumbwi nusu ardhini, au huufunika tabaka nene la majani, na usiku wa Butembo hilo si anasa. Hakuna anayeongeza hamira. Chachu za mwitu zimetoka kwenye maganda ya ndizi, kwenye mtama na kwenye kuta za chombo. Wapishi wenye haraka humimina kikombe cha kasiksi ya jana. Baada ya saa chache povu hupanda na kusikika likichemka taratibu. Chachu inakula sukari na kutoa vitu viwili, pombe na gesi ya kaboni. Karibu nusu ya uzito wa sukari iliyoliwa hugeuka pombe. Kwa hiyo juisi yenye sukari ya asilimia 16 haiwezi, hata ikichacha mpaka mwisho, kuzidi ulevi wa asilimia 10 hivi kwa ujazo. Kasiksi iliyonywewa baada ya siku moja iko chini sana ya hapo, bado ina utamu mwingi na inaelekea kwenye nguvu ya bia ya kiwandani kama Primus, yenye asilimia 5. Ya siku ya pili au ya tatu ni kavu zaidi na kali zaidi, na ndiyo inayowadanganya watu: ladha yake ni ya tunda, ila miguu hujua ukweli.

Povu linapotulia na mtama kuanza kuzama, pombe huchujwa na kutiwa katika bidoni za lita 20. Bidoni ziwe zilizobeba maji au mafuta ya kula, wala si dawa za shambani au petroli, kwani plastiki hunyonya na kurudisha. Kifuniko kisikazwe kabisa. Kuchacha hakujaisha, gesi inaendelea kutoka, na bidoni iliyofungwa kwa nguvu huvimba njiani juu ya pikipiki na mara nyingine hupasuka.

Kwa Wanande, ambao ndio wengi katika Butembo na vijiji vya Beni, kasiksi ni kinywaji cha mikusanyiko. Mahari yao huhesabiwa kwa mbuzi, lakini mazungumzo yenyewe hayaendi kukavu. Wazee waliotoka mbali kuja kuposa hupewa cha kunywa kabla ya kuulizwa walichokuja kutafuta. Wanaosaidiana kulima au kujenga nyumba hukaribishwa kasiksi kazi inapoisha. Kwa siku za kawaida iko kwa mama muuzaji, barazani kwake, kwa bei iliyo chini sana ya chupa ya bia ya Simba au Primus ya kwenye baa. Desturi ya kunyonya kwa mrija kutoka chombo kimoja ina uzuri wake wa kijamaa, lakini eneo lililoishi na Ebola kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020 lina sababu ya kutosha kumpa kila mnywaji kikombe chake.

Vita navyo vimegusa kinywaji hiki. Tangu mauaji ya raia yalipoanza kuzunguka Beni mnamo Oktoba 2014, wakulima wengi wameacha mashamba yao na kukimbilia mijini. Mgomba ulioachwa huendelea kuzaa kwa miaka michache, lakini hakuna wa kuondoa machipukizi wala wa kung'oa wenye ugonjwa, na mikungu huivia juu ya miti bila mvunaji. Mkulima anayethubutu kwenda asubuhi na kurudi mchana hawezi kukaa akilinda shimo la ndizi kwa siku tano. Kwa hiyo ndizi husafirishwa mbichi hadi mjini na kuvundikwa katika nyua za nyumba, penye nafasi finyu na nyasi za kununua.

Kasiksi haikai. Siku ya nne au ya tano hewa na bakteria wa siki huwa wamekwisha kuigeuza, na uchachu wake haunyweki. Muuzaji mwenye bidoni ambazo hazikununuliwa ana njia mbili: kuimwaga, au kuipika kanyanga. Pombe iliyochacha huchemshwa katika pipa lililofungwa, mvuke hupitishwa katika bomba lililozamishwa ndani ya maji baridi, na kinachodondoka ni kinywaji kisicho na rangi chenye ulevi wa mara nyingi kuliko kasiksi. Rwanda huihesabu kanyanga pamoja na madawa ya kulevya, na anayeiuza hufungwa. Uganda iliamua mwaka 1965 kuwataka wapishi wawe na leseni, na kutokana na hapo ikazaliwa Uganda Waragi ya chupa, ingawa ya vijijini haikutoweka. Kongo wapishi wa kanyanga wameishi nje ya sheria tangu enzi za Wabelgiji, wakilipa faini leo na kuwasha moto kesho.

Hatari yake si ulevi tu. Pektini ya ndizi, inapovunjika, hutoa methanoli kidogo. Katika kasiksi ni kidogo mno kuweza kudhuru, lakini upishi huikusanya, na kwa kuwa huchemka kwenye nyuzijoto 65, kabla ya pombe ya kawaida inayochemka kwenye 78, sehemu yake hutoka katika matone ya mwanzo. Mpishi mwaminifu huyamwaga hayo. Mpishi mwenye tamaa huyauza. Mabomba yaliyotolewa kwenye rejeta za magari huongeza risasi, sumu inayojikusanya mwilini. Baya kuliko yote ni wafanyabiashara wanaoongeza methanoli ya viwandani ili kanyanga iwe kali kwa gharama ndogo. Mwaka 2010, katika wilaya ya Kabale nchini Uganda, makumi ya watu walikufa katika muda wa wiki chache kwa waragi iliyotiwa sumu hiyo.

Methanoli haijulikani kwa ladha wala kwa harufu, na dalili zake hukawia saa nyingi, mara nyingi mpaka siku ya pili: kichwa kuuma, kutapika, tumbo kusokota, macho kuona ukungu. Mtu yeyote aliyekunywa kanyanga na kuanza kuona ukungu asilazwe nyumbani kungoja ulevi umtoke. Apelekwe hospitali saa hiyohiyo, na anayempeleka amwambie daktari bila kuficha alichokunywa.